Kamba Mezani kwa Mtaliano

Mjini Bariadi ukitaka chakula cha Kitaliano unakwenda kwa Mtaliano, na ukifika hapo unamkuta Msukuma. Mwenyewe ni mtu wa Malampaka, mnene kiasi, anayevaa kofia nyeupe ya mpishi hata akiwa sokoni ananunua vitunguu. Kwa miaka mingi aliwapikia masista wa Kitaliano kwenye misheni, na walipozeeka wakarudi kwao, walimwachia masufuria, mashine ya kusukumia tambi, na tabia ya kununa mtu akikata tambi kwa kisu. Akaja mjini, akapanga fremu mbili za duka barabara ya kwenda Lamadi, akajenga tanuri la matofali uani, akatandika vitambaa vya miraba myekundu mezani. Ubao wa nje una jina jingine kabisa, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia.

Mimi ni muuguzi. Serikali ilinileta Bariadi nikiwa msichana, nikaolewa hapa hapa na mwalimu wa sekondari, mtu wa Bukundi huko Meatu. Kwetu ni Lushoto, milimani, tunakovaa sweta mwezi wa saba. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba adabu zote za Kisukuma ninazozijua nilijifunza ukubwani, na mtu aliyejifunza baiskeli ukubwani anakwenda vizuri tu mpaka afike kwenye kona.

Kwa kina mume wangu siku ya kuzaliwa si kitu. Yeye mwenyewe alizaliwa wakati wa kuvuna pamba, basi. Tarehe iliyo kwenye cheti chake anasema iliwekwa na mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza, na wanafunzi wote wa mwaka ule wamezaliwa siku moja. Lakini yangu anaikumbuka. Tangu Mtaliano afungue, kila mwaka siku hiyo tunakwenda wawili, bila mtoto, bila mgeni, tunakaa meza ya ukutani chini ya picha ya mnara ulioinama. Mimi naagiza piza ya uyoga, yeye anaagiza tambi za nyama ya kusaga, kisha anamaliza tambi zake na nusu ya piza yangu na kusema Wataliano hawashibishi.

Mwaka huu nilikuwa natimiza miaka arobaini, na nilikuwa na jambo la kumwambia.

Mama yangu yuko Lushoto peke yake. Mimi ndiye mtoto wake pekee, na baba alishatutoka zamani. Mwaka jana aliteleza akitoka kuchota maji akavunjika nyonga, na tangu hapo anatembelea magongo, tena ndani ya nyumba tu. Jirani anampikia anapokumbuka. Niliwahi kumleta Bariadi. Alikaa wiki mbili, akasema nchi hii imelala mno, haina hata kilima, joto linamkaba, naye hataki kufia mbali na kaburi la mumewe. Akarudi. Nikaanza kutafuta uhamisho, na uhamisho kwa watumishi wa chini kama sisi hauji kwa kuomba, unakuja kwa kubadilishana. Unamtafuta mwenzako wa kada yako aliye kule unakotaka kwenda, ambaye naye anataka kuja kule uliko. Kwenye makundi ya simu tunajitangaza kama watu wanaouza viwanja: nipo Bariadi, natafuta Lushoto. Wanaotaka kwenda Lushoto ni wengi. Anayetaka kuja Bariadi ndiye hapatikani.

Alhamisi ya wiki ile akapatikana. Nesi mwenzangu wa Lushoto, mumewe kapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huku kwetu, naye anataka kumfuata. Alinipigia akiongea haraka haraka.

"Dada, mimi niko tayari hata kesho. Ila yuko mwingine wa Maswa, hapo jirani na kwenu, naye ananitaka. Nipe jibu Jumatatu, dada yangu. Ukikaa kimya namchukua huyo."

Nikamwambia Jumatatu bila kukosa. Kisha nikampigia mama. Nilipaswa kuanza na mume wangu, najua, lakini mdomo haukunisubiri. Mama hakusema mengi. Alisema atamwambia jirani atoe magunia yake ya viazi kwenye chumba changu.

Kwa nini sikumwambia mume wangu siku hiyo hiyo? Mwalimu, maana nyumbani sote tunamwita hivyo, hapatikani akiwa peke yake. Ana madaftari ya kusahihisha, ana wanafunzi wanaokuja kuuliza, ana watu wa Bukundi waliokuja mjini kwa shughuli na wanalala sebuleni. Ukimwambia jambo anasema "ndiyo, ndiyo," na kesho anakuuliza ulikuwa unasemaje. Anasikia vizuri akiwa anakula kitu anachokipenda. Isitoshe, jambo lenyewe halikuwa dogo. Nilitaka nimwambie: mimi nitangulie, na wewe utafute wa kubadilishana naye unifuate. Binti yetu yuko bweni, hata tukiwa Lushoto atatukuta likizo. Huenda ingechukua mwaka, huenda miwili, kila mtu na kitanda chake. Maneno hayo hayasemwi mtu akiwa anaosha vyombo. Nikayatunza mpaka Jumamosi.

Tulifika kwa Mtaliano jua bado lipo. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani ambalo Mwalimu anasema linanifanya nionekane mtu wa benki. Mtaliano alitupokea mwenyewe.

"Mwadila, mayu," akaniamkia. "Leo uyoga upo, umefika na basi la Mwanza mchana. Na chizi ipo, ile ya kuvutika."

Tukaagiza vilevile kama kawaida. Mwalimu akanitania kwamba arobaini ni umri wa mtu kuanza kuongea mwenyewe njiani. Nikamwambia mimi nilianza nilipoolewa naye. Akacheka, akanyoosha miguu chini ya meza, na nikaona leo yuko mzima, hana daftari kichwani. Tambi zake zikaja kwanza. Alipokwisha kuzungusha uma mara ya kwanza na kufumba macho kidogo, nikajua wakati ni huu.

"Mwalimu," nikasema, "nina jambo. Unakumbuka habari ya Lushoto?"

"Ipi?"

Simu yake ikaita. Akaiangalia, akasema, "Baba," na akapokea akiwa bado anatafuna.

Baba mkwe wangu alikuwa stendi. Alikuwa ametoka Bukundi asubuhi bila kumwambia mtu, akapanda basi, akateremka Bariadi, na sasa amekaa kwenye benchi anaomba mtu wa kumpokea. Macho yake yamekuwa yakififia kwa muda. Mimi ndiye niliyempeleka Mwanza mwaka juzi, wakasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuzimika hakiwaki tena. Mkewe alifariki kabla ya hapo.

"Mwambie bodaboda ampeleke nyumbani," nikasema kwa sauti ya chini. "Tutamkuta."

"Nyumbani kuna nani? Na hajala tangu asubuhi." Mwalimu alinitazama kama mtu anayeomba radhi. "Ale hapa kidogo, halafu twende wote."

Ningesema nini? Kwamba mzee asiyeona akae stendi mpaka mimi nimalize piza? Nikasema sawa.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana asiyejua ataona nilifanya visa. Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawali pamoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mmoja akiingia, mwingine anatafuta sababu ya kutoka. Siku hizi mjini wengi wameacha, wengine wanakula sahani moja na wakwe zao na kutumiana picha. Baba mkwe wangu hajaacha, na mimi niliyetoka mbali sikutaka kuwa wa kwanza kuvunja. Katika miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuniona nikitafuna hata karanga. Akija kututembelea namwandalia, namwekea maji ya kunawa, natoka. Halafu tunaongea kupitia pazia la mlangoni, yeye sebuleni na mimi jikoni, habari za mvua, za ng'ombe, za wagonjwa. Tunaongea sana. Mwalimu husema hajawahi kuona watu wanaopendana kwa kupitia pazia kama sisi, na kweli nampenda yule mzee. Ndiyo maana habari hii haina mtu wa kumkasirikia, jambo ambalo limenikera kuliko yote.

Alifika amekaa nyuma ya pikipiki wima kabisa, kofia kichwani, koti la sherehe limevaliwa katika joto lile, fimbo imelazwa mapajani. Mwalimu akatoka kumshusha. Mimi nikasimama, nikapiga goti pembeni ya meza, nikaamkia nikitazama sakafu. Akaitika akitazama upande mwingine.

"Mwambie mama asisumbuke," akamwambia mwanawe, maana hata kuniambia moja kwa moja mbele za watu hakupenda. "Mimi nimekuja na shida zangu tu."

Piza yangu ikatokea wakati huo huo, inatoa moshi. Mtaliano, ambaye ni Msukuma na hakuhitaji kuelezwa, akaniangalia, akamwangalia mzee, akaiweka mezani mbele ya mzee na kunifungulia mlango wa jikoni.

Kwa hiyo usiku wa kutimiza arobaini niliuanza nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa Mtaliano, karibu na ndoo ya nyanya, na gauni langu la mtu wa benki. Kuna dirisha dogo wanalopitishia sahani. Kupitia hapo nilikuwa nawaona wote wawili. Mwalimu alikuwa anamkatia baba yake piza vipande vidogo, na mzee anavipapasa kwa vidole kabla ya kula.

"Huu mkate wamemwagia nini?" akauliza.

"Uyoga, baba. Na maziwa yaliyoganda."

"Wangeuacha mkavu wangepungukiwa nini?" Lakini akaendelea kula.

Mtaliano akaniletea sahani ya tambi. Nikazizungusha kwenye uma bila kula. Nilikuwa nahesabu muda moyoni: mzee atashiba, tutarudi nyumbani, atalala mapema, halafu nitamvuta Mwalimu kibarazani na kumaliza sentensi yangu. Bado nilikuwa na usiku huo na Jumapili nzima. Nilijituliza hivyo. Kisha nikasikia mzee ameanza kueleza shida yake, nami nikaacha kuzungusha uma.

"Juzi nimeingia zizini nikidhani naingia ndani," alisema. "Ng'ombe wakanishangaa. Nimekaa mle mpaka kijana wa kuchunga akaja kunitoa. Nikasema sasa basi, imetosha. Ng'ombe nimemwachia mtoto wa mdogo wangu. Dada zako wa Maswa wamenipigia, wote wawili. Huyu anasema njoo kwangu baba, huyu anasema njoo kwangu. Nimewaambia wabeja, asanteni, nyie mna wakwe zenu. Mimi nakwenda kwa mwanangu."

"Karibu, baba," akasema Mwalimu. Hata hakuvuta pumzi kwanza. Na ningemdharau kama angevuta.

"Siji kwako," mzee akasema. "Wewe hujui hata kuchemsha maji. Nakuja kwa mkeo. Mwite."

Mtaliano alinipokonya sahani kabla sijasimama. Nikajifuta mikono kwenye aproni iliyoning'inia mlangoni, nikatoka, nikapiga goti pale pale pa mwanzo. Wateja wa meza ya pili waliacha kula. Mzee akainama kwenye mfuko wake, akapapasa, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, akakinyoosha kuelekea niliko. Kila akija hutuletea karanga zimefungwa hivyo hivyo. Huwa anampa Mwalimu anipe. Safari hii alininyooshea mimi.

Mama yangu alinifinya sana utotoni ili nijue jambo moja: mtu mzima akikunyooshea kitu, unakipokea kwa mikono miwili, unakunja magoti, unasema asante kabla hujakitazama. Kutazama kwanza ni uchoyo. Nimelelewa hivyo na mwili wangu unafanya wenyewe. Nikanyoosha mikono miwili, nikapokea, nikasema, "Asante, baba."

Meza ya pili wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele.

Hapo ndipo vidole vyangu vilipoelewa. Ndani ya kitenge hakukuwa na karanga. Kulikuwa na kitu cha mduara, kigumu, kilichosokotwa. Nikafungua. Ilikuwa kamba ya ng'ombe, mpya, ya katani, imekunjwa vizuri.

Nilishawahi kusimuliwa na mashangazi wa Mwalimu, mwaka ule wa kwanza, pamoja na mambo mengine mia. Mzee wa ukoo wao akitaka kuondoa aibu iliyo kati yake na mke wa mwanawe, anampa mtamba. Ng'ombe mwenyewe anabaki zizini, inaletwa kamba yake. Mwanamke anayo haki ya kukataa. Anatakiwa aitazame kamba, akae kimya, aiulize nafsi yake, hata siku kadhaa. Wapo walioiacha kamba mezani, na wazee wakaelewa, hapakuwa na ugomvi. Lakini ukiipokea umekuwa binti. Utakula naye, utampa maji, utamshika mkono kumpeleka chooni, na siku zake zote zilizobaki umezikubali wewe, kwa mikono yako. Mimi nilizikubali kabla hajamaliza kunyoosha mkono.

"Nilidhani ataniweka siku mbili tatu," mzee akasema. "Nilijiandaa hata kulala na njaa. Kumbe hakusita." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanigeukia mimi. "Wabeja sana, mayu. Kaa hapa. Kula na baba yako."

Mwalimu alikuwa analia. Mume wangu si mtu wa kulia. Alivuta kiti, akanikalisha kati yao, akanishika bega, na niliona kwamba alidhani nimempa zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Mzee akapapasa sahani, akachukua kipande cha piza yangu, akaninyooshea. Nikala. Kilikuwa kimepoa. Nilitafuna naye akiwa ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Kumbe unatafuna kama watu wengine," akasema. "Miaka yote nilikuwa najiuliza huyu anakula saa ngapi."

Watu wote wakacheka, hata mimi. Nilicheka na machozi yananitoka, nao wakadhani ni yale yale ya Mwalimu. Nilikuwa nimebanwa pande zote. Nilijiambia sema sasa, sema kabla hajaleta na begi lake. Sema: baba, nisamehe, mimi nimepokea kwa mazoea ya kwetu, na mimi pia nina mzazi anayetembelea magongo. Ni maneno machache. Mzee yule ana akili, angenielewa. Nikaweka mkono mezani karibu na wake.

"Baba," nikasema.

"Eee, mwanangu."

Akanigeuzia uso wote, anatabasamu, na macho yake yakatua pembeni kidogo ya nilipo, kwenye ukuta, yakawa yanautazama ukuta kwa upendo mkubwa. Sikuweza. Najua wapo watu ambao wangeweza, nami nawaheshimu.

"Nikuongezee soda?" nikauliza.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, mzee akiwa amelala chumba cha binti yetu, nilimuuliza Mwalimu kama mtu anayeuliza mambo ya mila tu: kamba iliyokwisha kupokewa inarudishwaje?

"Hairudishwi," akasema akivua viatu. "Ukirudisha ni kumwambia mzee kwamba umemwonja ukamtema. Ni afadhali angekuta umekataa tangu mwanzo. Kwa nini?"

Ndipo nikamwambia yote. Lushoto, mwenzangu, Jumatatu, magunia ya viazi. Alikuwa ameshika kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Mbona hukuniambia kabla?"

"Nilianza. Simu ikaita."

Nilitamani agombe. Kama angepandisha sauti, kama angesema mke wangu haendi popote, ningepata mtu wa kushindana naye, na ninajijua, nikishindana huwa nashinda. Badala yake akaweka kiatu chini taratibu, akasema, "Nenda, nesi wangu. Ni mama yako. Mimi nitajifunza kuchemsha maji. Baba nitamweleza."

"Utamwelezaje?"

Akafikiri. Kutoka chumba cha binti yetu tukamsikia mzee ameamka, anapapasa ukuta kutafuta mlango, na kabla ya Mwalimu kusimama sauti ikaita. Haikumwita mwanawe, iliniita mimi. Nilikwenda nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuugusa nje ya hospitali. Niliporudi, Mwalimu hakuwa amesogea, na hatukuizungumzia tena habari ile siku hiyo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuingia wodini, nilimpigia mwenzangu wa Lushoto. Nilimwambia nimepata dharura, amchukue yule wa Maswa. Akaguna.

"Dada, una uhakika? Nafasi kama hii hairudi leo wala kesho."

Nikamwambia nina uhakika. Nikavaa kofia yangu nikaingia kazini, na siku hiyo, kila mgonjwa aliyeniuliza kitu, nilimjibu kwa ukali.

Jioni nilikuwa nakula na baba mkwe wangu. Tuliketi meza moja, ugali na samaki, namchambulia miiba naye ananisimulia mtamba wangu alivyo: mweusi, baka jeupe tumboni, mkorofi kidogo. Alisema atazaa mwakani. Simu ikaita, nikaona ni mama. Nikatoka kibarazani.

Nilikuwa nimepanga maneno. Sikupata nafasi ya kuyasema. Niliposema "shikamoo, mama," yeye akaitikia, kisha akaanza mwenyewe.

"Wamekataa, eh?"

Nilisikia gongo lake likigonga sakafu, anatafuta pa kukaa.

"Nilijua," akasema. "Serikali hawakupi kitu kirahisi hivyo. Usijisumbue, mwanangu. Nimemwambia jirani avirudishe tu viazi vyake, vitanyeshewa huko nje."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Usilie basi. Wewe ni mtu mzima sasa, una arobaini." Akasubiri nipange sauti yangu. "Na mzee wako wa Bukundi hajambo? Yale macho?"

"Yuko hapa. Amehamia kwetu. Tunakula."

"Ahaa," akasema mama. Akakaa kimya, na sijui mpaka leo alielewa kiasi gani katika kimya kile. "Basi rudi ndani usimwache peke yake na chakula. Mtu akishakuwa mzee, hana wa kumpa hata maji, ni taabu sana. Mwangalie vizuri."

Nikamwambia nitamwangalia.